Bodi Yenye Nafasi Nne

Holguín, 6 Machi 2016

Dada Odalmis,

Salamu kutoka nyumbani. Mama ni mzima, ila goti la kushoto limeanza tena na fimbo ameikataa kwa sababu, anasema, fimbo ni ya wazee. Ana miaka sabini na moja. Paa la jikoni halivuji tena, nimeliziba mwenyewe kwa ile lami uliyoilipia. Msalimie shemeji Ernesto, umwambie bisibisi alizoniletea bado ninazo zote, hata ile ndogo.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu bustanini, penye waifai, benchi moja wanakaa watu sita. Mara ya mwisho uliponiuliza habari za tumbo langu, bibi mmoja nisiyemjua alikujibu yeye.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe 19 Februari umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaua bodi ya kompyuta yangu. Bodi ni ule ubao mkubwa ambao vitu vingine vyote huchomekwa juu yake. Kapasita tatu, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevimba kama maharage yaliyolowekwa. Vingine vyote vimepona: prosesa, memori, diski, kadi ya picha. Nimevipima kimoja kimoja kwenye kompyuta ya jirani. Kwa hiyo nataka bodi tu, lakini si bodi yoyote. Hapa mjini iliyopo ni moja, imetumika, na mwenyewe anaitajia bei ya ng'ombe.

Tafadhali nunua kama ninavyoandika, neno kwa neno. Soketi, yaani pale prosesa inapokaa, iwe namba 1150. Memori iwe ya aina ya DDR3, na nafasi za kuchomekea memori ziwe nne, si mbili. Upana usizidi sentimita ishirini na nne na nusu, kasha langu ni dogo. Isiwe na taa za rangi. Taa ni hela ya bure. Isizidi dola sabini. Ukiona yoyote ya bei nzuri ambayo haikuandikwa namba ya soketi, pita kama hujaiona.

Kikosi chetu cha mchezo wa kompyuta kinacheza bila mimi kila Jumamosi, watano kwa watano, kwenye mtandao wa nyaya tulizozitandaza wenyewe juu ya mapaa. Mahali pangu wamemweka Wilder, fundi wa viatu. Ana mikono mizuri na macho mabovu. Kila Jumamosi wanafungwa.

Kuhusu zile karatasi ulizoniuliza mwaka mpya, nitakuandikia vizuri nikitulia.

Mdogo wako,
Leosdany

*

Hialeah, 2 Aprili 2016

Leo,

Barua yako nimeipata juzi kwa mkono wa Fefa, mchukuzi wetu wa mizigo. Aliibeba ndani ya pakiti ya kahawa na inanuka kahawa mpaka sasa. Nimefurahi kuhusu paa. Mwambie Mama fimbo iko njiani, nyeusi, ina kishikio cha mpira, na nimelipa, kwa hiyo asijisumbue kuikataa. Ernesto anawasalimu wote. Mimi bado niko na mashuka ya hospitali. Nayafua mimi, yananivunja mgongo yenyewe.

Kwanza karatasi, ndipo bodi. Miaka minne nimesubiri ombi langu la kukuleta huku Miami uje tuishi pamoja. Limekubaliwa Desemba. Kilichobaki ni cheti chako cha kuzaliwa chenye mihuri miwili, na picha mbili, vinifikie kabla ya tarehe 30 Novemba. Tarehe ikipita, nafasi imepita, hairudi. Nilikuuliza Januari ukaniambia habari za mvua. Nilikuuliza Februari ukaniambia habari za umeme. Leosdany, ofisi ya vyeti iko mitaa mitatu kutoka mlangoni kwenu. Mama mwenyewe na goti lake anafika na kurudi kabla wali haujaiva.

Bodi nimenunua. Nilikwenda dukani na barua yako mkononi. Muuzaji ni Mvenezuela wa makamo, miwani ameiweka kwenye paji la uso kana kwamba ndiko macho yaliko. Nikamsomea. Akaniletea ya 1150. Pembeni nikaona ya 1151, bei ileile. Nikamwambia nipe hii.

Akasema, "Dada yangu, hizi si sawa."

Nikamwambia, "Najua si sawa. Hii ina moja zaidi."

Akakohoa, akaandika risiti.

Ina nafasi mbili za memori. Zinatosha. Nne za nini, unafungua hoteli? Utaitumia miezi minane halafu uje zako. Ukifika nitakununulia kompyuta nzima, na taa zake.

Fefa anapanda ndege tarehe 9.

Dada yako,
Odalmis

*

Holguín, 22 Aprili 2016

Dada,

Fimbo imefika. Mama anafukuzia kuku wa jirani, lakini angalau ameishika. Anakusalimu, anauliza kama mgongo unaupaka yale mafuta ya kafuri au unauachia Mungu.

Odalmis, 1151 si 1150 yenye nyongeza. Hivi si viatu, kwamba namba ikizidi moja mtu anavaa soksi nene. Prosesa yangu haiingii. Memori zangu haziingii, kile kikato cha katikati kiko mahali pengine. Hakuna kitu katika nyumba hii kinachoingia kwenye bodi ile isipokuwa vumbi. Na Mvenezuela wa watu alikwambia! Amefungua kinywa akuokoe, wewe ukamfunga.

Nilimwonyesha Mama. Akaigeuzageuza.

"Nzuri. Ina rangi nzuri."

"Haifai, Mama."

"Wewe tangu zamani hakuna anacholeta dada yako ukakipenda."

Kuirudisha kwako ni kumlipa Fefa mara mbili. Nikapata mtu wa Gibara mwenye prosesa mpya isiyo na bodi. Hela hana. Amenipa mtoto wa nguruwe. Yuko uani. Mama amempa jina la Elfu Moja Mia Moja Hamsini na Moja, na humwita kwa jina lote, asubuhi na jioni, mtaa mzima unasikia.

Naomba tena, na safari hii nitaeleza, maana inaonekana kuamrisha hakusaidii. Memori ninazo mbili. Mwakani nikijaliwa nitapata nyingine mbili zilizotumika. Bodi ya nafasi mbili ukishaijaza umefika mwisho. Ukitaka zaidi, lazima utoe ulizonazo uzitupe. Ya nafasi nne unaanza na ulicho nacho, unaongeza kidogo kidogo. Mtu asiye na hela anajenga kompyuta hivyo, na nyumba hivyo hivyo, chumba kimoja kwanza. Sitaki bodi ya miezi minane.

Ofisi ya vyeti Jumatatu ilikuwa imefungwa.

Leosdany

*

Hialeah, 5 Juni 2016

Leo,

Jumatatu ilikuwa imefungwa. Na Jumanne? Na Jumatano? Barua umeiandika Ijumaa.

Mwambie Mama mafuta ya kafuri napaka. Barua zako kuanzia sasa Fefa azilete kwa Caridad, yule rafiki yangu wa kazini, nyumba ya kijani, chumba cha nyuma. Si kule kwa zamani.

Bodi nimenunua nyingine. Ni 1150. Nilimwambia Mvenezuela aniandikie namba kwenye kiganja kwa kalamu, na nilipolipa nikalinganisha kiganja na boksi, tarakimu kwa tarakimu, watu wananiangalia. Ina nafasi mbili. Kulikuwa na ya nafasi nne, ilizidi kwa dola kumi na saba, nikaiacha. Nimeiacha kwa sababu unakuja. Ukishakuja hiyo bodi atabaki nayo nani, nguruwe?

Fefa amepandisha bei. Sasa kila ratili ni dola mbili zaidi, anasema ni mafuta ya ndege, kana kwamba ndege anaijaza yeye. Kwa hiyo nimepunguza uzito. Nimetupa boksi, kitabu, ile sidii, na kibati kimoja chenye matundu. Katikati ya bodi kulikuwa na kifuniko cheusi cha plastiki hakina kazi yoyote, kimeandikwa "ondoa", nikakiondoa. Bodi nimeizungushia taulo mbili nzito, mpya, za Mama, na katikati nimetia chupi kumi na mbili, zote pamba, saizi yake. Hata yai lingefika.

Cheti, Leosdany. 30 Novemba.

Odalmis

*

Holguín, 3 Julai 2016

Dada,

Mama anashukuru kwa taulo na chupi. Taulo moja, anasema, ina kitu kimemchoma.

Kile kifuniko, Odalmis. Kile kifuniko kisichokuwa na kazi.

Chini yake kuna pini elfu moja mia moja na hamsini, nyembamba kuliko kope, zimesimama wima, na prosesa inakaa juu yake. Kifuniko kile kipo duniani kwa kazi moja tu, kuzilinda. Kimeandikwa uondoe baada ya kuweka prosesa. Baada. Wewe umekitoa, ukazifuta hizo pini kwa taulo kutoka Hialeah mpaka Holguín. Nilipoifungua, nyuzi za taulo zilikuwa zimeng'ang'ania pini kama nywele kwenye kitana. Pini tisa zililala.

Nikaipeleka kwa mzee Evelio, fundi saa wa karibu na stendi. Akavaa kile kioo chake cha jicho, akainama muda ambao mtu angekunywa kahawa na kuosha kikombe.

"Nani kaifanya hivi?"

"Dada yangu."

"Mnagombea urithi?"

Alifanya kazi jioni nne, kwa sindano ya hospitali, akiinyanyua pini moja na kupumzika, moja na kupumzika. Redio haifunguliwi, mlango haufunguliwi, mteja akibisha anaambiwa arudi na saa yake kesho. Nane zimesimama. Ya tisa imekatika. Hakutaka malipo yote, alisema ile ya tisa inamuuma. Bodi inawaka, lakini nafasi moja ya memori imekufa na ile pini. Kwa hiyo niliomba nne, ukaninunulia mbili, ninayo moja.

Na kile kibati chenye matundu, kinafungwa nyuma ya kasha. Kazi yake ni kuzuia mende. Sasa mende wanaingia kama wana tiketi.

Jumamosi nilirudi kikosini. Mchezo unakwenda, unaganda, unakwenda. Ukiganda, mimi nimesimama katikati ya uwanja kama sanamu na maadui wananizunguka wanacheka. Wilder alikaa nyuma yangu akiangalia. Mwishoni akasema, "Kaka, hata mimi na macho yangu, afadhali." Tukafungwa.

Shemeji Ernesto hajatuma salamu tangu Aprili. Na kwa Caridad unafanya nini? Mama ameuliza mara mbili. Nimemwambia nyumba yenu inapakwa rangi.

Leosdany

*

Hialeah, 9 Agosti 2016

Leo,

Ernesto yuko Orlando, yeye na nguo zake zote. Mama usimwambie zaidi, mwambie rangi haijakauka.

Kuhusu pini nimeelewa. Nimesikitika. Mlipe mzee Evelio hela iliyobaki, nimempa Fefa bahasha. Lakini usinigeuzie kibao. Barua yako nimeisoma mara tatu. Pini zipo. Mende wapo. Evelio yupo na jicho lake. Cheti hakipo. Hakipo hata kwa kile kisingizio chako cha ofisi kufungwa. Usijitie hamnazo, Leosdany. Nimekulea mimi Mama akiwa zamu ya usiku kiwandani, nakujua ukiwa na jambo: unaanza kueleza mambo mengine kwa urefu.

Hata hivyo nimerudi dukani. Mvenezuela aliponiona alishusha miwani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nikamweleza habari ya taulo. Akafunga macho kidogo. Nikamwambia, sasa hesabu kama mimi sijui kitu, nichagulie wewe.

Akasema, "Swali ni moja tu. Huyo ndugu yako ataitumia miaka mingapi?"

"Kwa nini?"

"Kama ni mwaka, mpe yoyote inayowaka. Kama ni mitano, au zaidi, lipa zaidi kidogo leo, upate nafasi nne na sehemu nzuri za kupokea umeme, asirudi dukani. Mengine yote, dada yangu, ni rangi."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Mwanamke mmoja ana mtoto analia. Mimi nimesimama na pochi wazi. Mvenezuela ananingoja, wala hakuniharakisha. Nikatoka sikununua kitu. Gari nililiwasha baada ya dakika arobaini.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, na nataka namba, sitaki hadithi. Miaka mingapi?

Odalmis

*

Hialeah, 18 Septemba 2016

Leosdany,

Fefa amerudi mikono mitupu. Anasema alikuona, ulikuwa juu ya paa la mtu, ukampungia mkono.

Miaka mingapi?

Odalmis

*

Holguín, 12 Oktoba 2016

Dada,

Mama ni mzima. Kimbunga kilipita mashariki ya kwetu tarehe 4. Huko Baracoa watu wamelia, sisi tumepata upepo na maji. Mabati mawili ya uani yamekwenda kwa jirani na moja la jirani limekuja kwetu, tumebadilishana. Nguruwe alilala jikoni siku mbili. Amekuwa mkubwa, mlango ulimbana akitoka.

Barua yako ya Agosti niliipata tarehe 27 mwezi uleule. Fefa asilaumiwe. Nimeanza kukujibu mara tatu.

Upepo uliangusha nyaya za mtandao wetu kuanzia uwanja wa mpira mpaka reli. Nyumba arobaini na tatu. Nimekuwa juu ya mapaa siku sita, na ngazi ya kuazima. Nikimaliza nyumba moja, wa pili anapiga kelele kutoka chini: "Leo, na mimi!" "Leo, usimsikilize huyo, hata deni la sukari hajanilipa, njoo kwangu kwanza!" Bibi Hortensia, ambaye hachezi mchezo wowote na kompyuta hana, alidai waya wake upite juu ya nyumba yake kama zamani, kwa sababu anaanikia soksi. Nikampitishia. Mtu mmoja wa reli alinitukana kwa kuchelewa, kisha akanipa sahani ya wali na maharage, nikala nimekaa ukutani, miguu inaning'inia. Siku ya sita, jioni, nilimwambia Wilder awashe. Akapiga mluzi. Mapaa yote yakapiga mluzi.

Sikuelezi haya kwa urefu ili nikwepe. Safari hii ndilo jambo lenyewe.

Cheti ninacho. Ninacho tangu tarehe 21 Januari, mihuri yote miwili, na picha mbili nimepiga, ninaonekana kama mwizi wa kuku. Viko kwenye droo ya Mama, chini ya vitambaa vya meza. Usiseme ni Mama ananishika. Mama amenifungia mzigo mara mbili, na mara ya pili alitia mpaka sufuria. Nimeufungua mimi.

Huko kwako nitakuwa na kazi, najua. Utanitafutia hapo kwenye mashuka, nitayasukuma vizuri. Hakuna atakayepiga kelele kutoka chini aniite.

Najua kwa nini ulitaka nije, hasa mwaka huu. Hapo ndipo barua zote tatu zilipokwama.

Umeomba namba. Ni saba. Ningesema kumi, lakini kwa umeme wetu hakuna bodi inayofika kumi. Nimekuandikia namba, usinilazimishe niandike na maneno.

Kama hutaki kununua tena, nitaelewa. Nafasi moja pia inacheza, ikiwa mtu hana haraka.

Mdogo wako,
Leosdany

*

Hialeah, 19 Novemba 2016

Leosdany,

Salamu kwa Mama. Kwako bado.

Tangu Januari! Mihuri yote miwili! Mimi huku napiga simu ofisi ya uhamiaji kila wiki ya pili, nabonyeza moja, nabonyeza nne, nasikiliza muziki wa zumari, nauliza kama muda unaongezwa. Kuna mama mmoja huko anaitwa Mildred, amefika mahali ananitambua kwa pumzi. Na wewe cheti umekilaza chini ya vitambaa vya meza kama uma wa wageni. Ungeniambia Januari ningekasirika mara moja. Umenifanya nikasirike kwa mafungu.

Nimempigia Mildred Jumatatu nikamwambia faili lifungwe.

Akasema, "Pole sana. Ndugu yako amefariki?"

Nikamwambia, "Bado, ila nikimpata."

Nimekwenda dukani. Mvenezuela aliniuliza tena lile swali lake. Nikamwambia saba.

Akasema, "Umepata jibu, basi."

"Nimepata namba."

Akaniletea ya 1150, DDR3, nafasi nne, sentimita ishirini na nne na nusu kwa rula yake mwenyewe, sehemu za umeme ana hakika nazo. Ni ya mwisho, alisema aina hiyo haiji tena. Dola sabini na nne. Umesema sabini, hizo nne ni zangu, usizitaje. Ina taa moja ndogo nyekundu. Nimeuliza kama inazimika, inazimika.

Fefa haigusi. Akiisogelea namkata mkono. Naileta mwenyewe, ndani ya boksi, kifuniko kikiwa juu na kibati kikiwa ndani, nimeipakata kwenye mapaja kutoka Miami mpaka Holguín. Natua Jumamosi tarehe 17 Desemba, saa tano asubuhi. Ni miaka kumi na moja tangu niondoke, najua, sihitaji mtu wa kunihesabia. Usije uwanja wa ndege na mtaa mzima. Usije na Wilder. Mama mwambie asubuhi ileile, si kabla, maana ukimwambia kabla atahamisha makabati na goti hilo. Nitalala naye kwenye kitanda chake. Anakoroma, mimi pia nakoroma siku hizi, tutaelewana.

Usiniulize habari za Orlando mezani. Ukitaka kuuliza, niulize uani, mara moja, halafu basi.

Tiketi ni ya kuja tu. Ya kurudi walitaka bei ya wazimu, sikuikata. Ni bei tu, usianze kujenga mambo kichwani. Na kazini nimewaambia watafute mtu mwingine wa mashuka, kwa sababu likizo waliyonipa ilikuwa ya siku tano, na siku tano hazimtoshi mtu hata kufunga bodi.

Dada yako,
Odalmis